Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Umetukuta msimu wa zabibu umeisha na wa vumbi umeanza, lakini karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, darasani tumefundishwa kuwa nguvu za asili ni nne: uvutano, sumakuumeme, na mbili zilizo ndani ya kiini cha atomi, kubwa na dhaifu. Wanafizikia wanashuku ipo ya tano. Wengine wanaitafuta kwa mitambo mikubwa kama ule wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, wenye mzunguko wa kilomita 27. Wengine wanaitafuta juu ya meza, ndani ya atomi, na hao ndio waliotuvutia.

Atomi za elementi moja zinaweza kupishana idadi ya nyutroni, yaani chembe zisizo na chaji ndani ya kiini. Hizo ni isotopu. Kila isotopu hufyonza mwanga wa rangi iliyopishana kidogo mno na ya mwenzake. Ukipima mipishano hiyo kwa rangi mbili na kuichora kwenye grafu, nukta hukaa katika mstari mnyoofu, kama alivyoonyesha W. H. King mwaka 1963. Ikiwapo nguvu ngeni kati ya elektroni na nyutroni, mstari utapinda. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walipima kalsiamu, mstari ukanyooka. Wa Marekani wakapima metali iitwayo iterbiamu, ukapinda! Hawakushangilia, maana hata umbo la kiini laweza kuupinda. Kwa hilo tunawavulia kofia.

Sisi tulinyunyiza chumvi kwenye mwali wa taa ya spiriti, tukautazama kupitia kipande cha sidii, kinachotenganisha rangi za mwanga, ndani ya boksi la viatu. Mstari wa njano wa sodiamu ulionekana. Kwa kweli ni miwili, nanomita 589.0 na 589.6, ila boksi letu linaonyesha mmoja, tena mnene. Na ikifika saa tisa alasiri jua linapiga dirishani, hata huo mmoja hatuuoni.

Hivyo tunaomba spektromita moja, kifaa cha kupima rangi za mwanga, inayoweza kuitenganisha mistari hiyo miwili, na kitambaa kizito cha mapazia ya maabara. Kushona tutashona wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.