Waifai haikufa, ilikosa kifurushi

Kwa Mhariri,

Mnunuzi wa laptopu ya mitumba Luthuli Avenue akiirudisha dukani kwa kuwa waifai imepotea baada ya sasisho, huambiwa mfumo endeshi wa Linux ndivyo ulivyo. Sivyo. Mara nyingi kosa lilifanywa siku mashine ilipotayarishwa.

Chukua Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kadi ya waifai ya Broadcom inayotumia draiva (programu ya kuiendesha) iitwayo wl. Draiva hiyo haimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Huja kama msimbo katika kifurushi cha programu broadcom-sta-dkms, kilichomo kwenye hazina ya programu zisizo huria, non-free (non-free-firmware peke yake haitoshi). Zana iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia, kwani moduli (kipande cha kerneli, kama draiva hii) iliyojengewa kerneli moja hukataliwa na nyingine. Ujenzi huo hutaka faili za vichwa (headers), yaani maelezo ya kujengea moduli, za kerneli hiyohiyo.

Hapo ndipo mafundi hujikwaa. Huandika linux-headers-$(uname -r), amri iliyozagaa kila mahali, nayo huleta vichwa vya kerneli ya leo tu. Kerneli ya kesho ikija, vichwa vyake haviji. DKMS huandika mstari mmoja kwamba imeruka ujenzi, apt, kisakinishi cha vifurushi, inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na mashine ikiwashwa upya waifai haipo. Dawa ni kifurushi mama cha vichwa, linux-headers-amd64:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Kifurushi mama hicho husogea pamoja na kile cha kerneli yenyewe, linux-image-amd64. Ubuntu, toleo jingine la Linux, ikiwa na kifurushi linux-generic huvuta vichwa yenyewe, ndiyo maana huko malalamiko haya ni machache.

Kabla ya kumkabidhi mteja, andika dkms status. Kila kerneli iliyopo isomeke "installed". Ikiwa ujenzi umefeli, soma make.log chini ya /var/lib/dkms badala ya kufomati diski.

Palipo na Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, moduli isiyo na sahihi inayotambulika haipakiwi. Andika sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, weka nenosiri, washa upya, kisha kubali ufunguo kwenye skrini ya buluu. Skrini hiyo hungoja sekunde chache tu. Ikikupita, rudia amri.

Aliyekwishakwama achague kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine ikiwaka, chini ya "Advanced options". Asipoiona, aunganishe simu kwa kebo ya USB, awashe kushiriki intaneti, na bando dogo litatosha kupakua vichwa.

Fundi wa kompyuta,
Nairobi