Smith si sauti tu, Mhariri, Smith ni mhunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita mwandishi wenu wa safu ya lugha alisema majina yetu Waafrika yamebeba mvua, njaa, vita na mababu, lakini majina ya Wazungu ni sauti tu. Hapo nilimvumilia. Akaenda kutoa mfano wa Smith. Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nikamwomba asimamishe mashine nirudie sentensi ile.

Mimi ni mjukuu wa Smith. Babu mzaa baba alikuwa mhunzi kule Mamba, jirani na Marangu, na Smith maana yake ni mhunzi. Ni neno la Kiingereza cha kale, la fundi wa kufua chuma na madini mengine. Wengine husema limetokana na neno lao la kupiga kwa kuwa mhunzi anapiga nyundo, lakini hayo ni maneno mawili yaliyofanana sura tu.

Kazi yangu ya utotoni ilikuwa mivukuto. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono wa kulia unanyanyua, wa kushoto unakandamiza, na usikosee zamu. Ukisinzia, makaa yanafifia na chuma kinarudi cheusi. Babu hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa anakugeukia na kukutazama mpaka unapata nguvu. Chuma chenyewe kilikuwa springi ya lori bovu, iliyonunuliwa mjini na kupandishwa mlimani kichwani. Ikishaiva nyekundu aliikamata kwa koleo, akailaza juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, na kutoka kwenye kitu kilichokuwa kikibeba magunia ya kahawa ukatoka mkuki. Siku moja mzee wa Kimasai alifuata mkuki wake. Kabla ya kuupokea alijipaka mafuta kiganjani. Nilidhani ni heshima. Baba akaniambia njiani kwamba kwao mkono wa mhunzi una najisi, na hata wahunzi wao wenyewe, Ilkunono, watu wengine hawataki kuoana nao.

Sasa mtazame Mwingereza. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yake mwaka 1066, majina ya ukoo yakaanza kuenea taratibu, yakachukua karne kadhaa kukaa sawa. Tatizo lilikuwa kwamba majina ya ubatizo yalikuwa machache mno. Kila kijiji kimejaa akina John na William. Karani wa kodi afanyeje? Mwaka 1379 ilipotozwa kodi ya kichwa (ndiyo, hata wao waliionja), vitabu vilijaa John mwana wa fulani, John wa kilimani, John mwoka mikate, John mhunzi. Na mhunzi hakukosekana popote, maana jembe, msumari, viatu vya chuma vya farasi, bawaba ya mlango, vyote vilipita mikononi mwake. Kijiji kinaweza kuishi bila mshona nguo kwa miaka. Bila mhunzi, msimu wa kulima ukifika mmekwisha.

Mwanzoni jina lilifuata kazi. Mtoto wa mhunzi akioka mikate, aliitwa kwa mikate yake. Baadaye jina likaganda, likawa la kurithi, na ndiyo maana leo kuna akina Smith wasiojua koleo linashikwa wapi. Yule wa kwanza niliyemsikia mimi alikuwa wa aina hiyo. Novemba 1965, nikiwa na miaka 12, redio ya baba mdogo ilitangaza kwamba Ian Smith amejitangazia uhuru wa walowezi wa Kizungu kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Desemba ile ile Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya jambo hilo. Pale kijijini Smith likawa tusi. Mbwa mkorofi wa jirani aliitwa Smith mpaka akafa. Babu hakujua kwamba tunamtukana mtu kwa jina la kazi yake yeye. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba baba mzazi wa huyo Ian, Mskoti aliyehamia Selukwe huko Rhodesia, alikuwa miongoni mwa kazi zake muuza nyama buchani. Uhunzi ulishawatoka zamani.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wenu angelifurahia kama angeuliza. Sisi Wachagga tuna majina ya koo. Massawe wawili wakikutana Dar es Salaam, dakika ya pili wameshaulizana kijiji, ya tatu wameanza kuitana kaka. Smith wawili wakikutana hawana la kuulizana. Jina lao halikutoka kwa babu mmoja, lilizaliwa upya kila palipokuwa na fuawe. Kwa hiyo wingi wao usimtishe mtu akadhani ni ukoo mmoja uliozaana kupita kiasi.

Na kweli ni wengi. Uingereza ndilo jina la kwanza, Uskoti vilevile; Wales tu ndiyo imewakatalia, huko anatawala Jones. Marekani katika sensa ya mwaka 2010 walihesabiwa 2,442,977, wa kwanza kati ya majina yote. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano ni Mmarekani mweusi, na hapo unagusa historia ya watu waliotoka utumwani na majina ya Kiingereza. Wengine walikuwa Schmidt wa Kijerumani wakaamua kujirahisishia maisha, hasa wakati wa vita na Ujerumani. Waairishi nao walikuwa na mhunzi wao, Mac Gabhann. Wengi wakaishia kuandikwa Smith.

Maana mhunzi yuko kila mahali, Mhariri. Kowalski wa Poland ni yeye, Kuznetsov wa Urusi ni yeye. Vijana wanaobandika picha za Ferrari kwenye bajaji zao wamebandika jina la mhunzi kwa Kiitaliano, na kwa bahati nzuri Enzo Ferrari mwenyewe, aliyezaliwa Modena mwaka 1898, alikuwa mtoto wa mtu mwenye karakana ya vyuma. Na wenzetu wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaosoma Ratib al-Haddad, uradi wa yule mwanachuoni wa Tarim kule Yemen, wanajua kuwa haddad kwa Kiarabu ni mfua chuma. Haddad na Smith ni jina moja. Hilo peke yake lingetosha kuijaza safu nzima.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Schmidt mmoja aliyekuja kwetu. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alichimba Katuruka, karibu na Maruku huko Bukoba, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za yapata miaka 2,000. Wazee wa Kihaya wakamjengea tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya macho yake, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakauandikia ulimwengu wa sayansi jinsi hewa ya mivukuto ya Wahaya ilivyopata joto kabla ya kufika kwenye moto. Mtu anayeitwa Mhunzi kavuka bahari kuja kujifunza uhunzi kwa wahunzi! Mwandishi wenu anaita sauti tu.

Mamba bado wanafua hadi leo, na watalii wanaoshuka Marangu hupelekwa kuangalia. Mwaka jana nilikuwa pale kwa binamu yangu alipofika mzee mmoja wa Kiingereza, muuza bima mstaafu, jina la ukoo ndilo hilo hilo. Akaomba nyundo. Pigo la kwanza likaangukia ukingo wa fuawe, la pili likakwepa chuma kabisa, la tatu binamu akamshika mkono wakapiga pamoja. Akauliza jina lake kwa Kiswahili ni nani. Nikamwandikia kwa chaki kwenye kipande cha bati: MHUNZI. Akaomba aondoke nacho. Binamu akamtoza shilingi elfu tano, bati siku hizi halitolewi bure.

Babu wa vyuma, fundi mageti mstaafu,
Kiborloni, Moshi