Barua kwa wachezaji wa Ligi Kuu wanaoutazama uongozi

Wanangu, salamu.

Mchezaji akivuka miaka 30 husikia wimbo mmoja: jina lako ni mtaji, ingia uongozi. Jina hukufikisha mlangoni tu. Mtazameni Edwin van der Sar, kipa wa Manchester United aliyepangua penalti ya Nicolas Anelka wa Chelsea kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kule Moscow mwaka 2008.

Alitundika glovu mwaka 2011, akiwa na miaka 40, akasomea uongozi wa michezo. Mwishoni mwa 2012 aliingia Ajax, klabu ya Uholanzi, kama mkurugenzi wa masoko. Ukurugenzi mkuu ulikuja 2016. Miaka ile ya masoko msiidharau. Ndiko mtu anakojua kwamba mdhamini hanunui urafiki na staa. Ananunua nembo kifuani, mabango na siku za wachezaji kupiga picha, yote yameandikwa, na msipotimiza anakata malipo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Mchezaji amenunuliwa kwa shilingi milioni 100, mkataba wa miaka 5. Kwenye vitabu vya hesabu gharama hiyo hugawanywa kwa miaka ya mkataba: milioni 20 kila mwaka. Baada ya miaka 3 imebaki milioni 40. Mkimuuza kwa milioni 90, faida ni 50. Asiyejua hili ataona hasara ya milioni 10 na kuikataa ofa nzuri. Anayejua hili peke yake naye ana shimo lake: ada ya uhamisho mara nyingi hulipwa kwa awamu, kwa hiyo ile faida bado haiko benki. Akipandisha mishahara kwa kuitegemea, baada ya miezi michache wachezaji wanagoma. Daini mizania (orodha ya mali na madeni), taarifa ya mapato na matumizi, na taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani pesa zilizoingia na kutoka kweli. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho.

Mwaka 2019 Ajax ilimuuza Frenkie de Jong kwa Barcelona na Matthijs de Ligt kwa Juventus, kila mmoja kwa euro milioni 75 kabla ya nyongeza za masharti. De Ligt walimlea wenyewe. De Jong alitoka Willem II, klabu ndogo iliyokuwa imejiwekea asilimia ya mauzo yajayo, nayo ikapata fungu lake. Kifungu kimoja tu cha mkataba!

Hata bila kifungu, FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Kijana aliyekaa kwenu misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18, akiuzwa kwa dola milioni 1, mnastahili dola 15,000. Hukosekana kwa jambo dogo: usajili wake haukuingizwa, au tarehe zinapingana.

Kiti kile cha mkurugenzi mkuu kina siku mbaya pia. Abdelhak Nouri, mchezaji kijana wa Ajax, alianguka uwanjani mwaka 2017, na mwaka uliofuata ni van der Sar aliyesimama kukiri kwamba huduma ya matibabu aliyopewa pale haikutosha. Februari 2022 Marc Overmars, aliyesimamia usajili wa wachezaji pale Ajax, aliondoka kwa kuwatumia wafanyakazi wenzake wa kike ujumbe usiofaa. Katikati ya mwaka huo nyota kadhaa wakauzwa, kocha akafukuzwa katikati ya msimu, timu ikamaliza ya tatu, na mwaka 2023 van der Sar akajiuzulu. Usajili ukikaa kichwani mwa mtu mmoja, akiondoka anaondoka nao. Kila faili lijulikane na watu wawili.

Msisubiri kustaafu. Msimu huu, siku moja kwa wiki baada ya mazoezi, mwombeni mhasibu wa klabu saa moja. Anzeni na swali hili: mechi ya nyumbani inatugharimu kiasi gani kabla tiketi ya kwanza haijauzwa?