Faru wa hamsini

Arusha, 14 Julai

Mama Salma, shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, wanangu mafua yamewaachia, na natumai huko Tanga hamjambo nyote. Nilitaka kukupigia, lakini salio lingekatika kabla sijafika nusu, na haya nataka uyasome taratibu, watoto wakishalala.

Nimemwona faru.

Unaikumbuka sarafu ya hamsini tuliyokuwa tukipewa asubuhi, ile yenye faru na mtoto wake? Tulikuwa tunaifumbata kiganjani mpaka getini kwa shule, tunamkabidhi bibi wa mihogo. Tangu hapo nimeshika faru wangapi! Faru wa elfu tano, simba wa elfu mbili, tembo wa elfu kumi. Miaka kumi na moja naishi hapa Arusha, naona wageni waliovuka bahari wakipita na magari kwenda kuwatazama, mimi nabaki na wale wa kwenye noti. Iliniuma. Basi mwaka huu tulipovunja kikoba, tukakubaliana kabla ya kugawana kila mmoja atoe fungu la safari. Tukakodi landkruza mbili, twende Ngorongoro.

Tulilala Karatu, alfajiri tukaingia getini kwenye ukungu mzito, meno yanagongana. Barabara ya Seneto ilipoanza kuteremka, ukungu ukabaki juu, na kreta yote ikawa mbele yetu. Mimi siku zote nilidhani ni shimo. Mama Salma, ile ni nchi! Kutoka ukingoni mpaka chini ni kama mita 600, na chini kuna kilomita za mraba zipatazo 260, kuna ziwa la magadi, msitu, chemchemi na viboko wake. Twiga tu ndio hutawaona.

Nyati tuliwakuta mapema, madume wazee wanacheua. Kwenye msitu wa Lerai tembo dume alikuwa anabandua magome ya mgunga, pembe zake ndefu karibu ziguse majani. Halafu simba jike. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, akatoka kwenye nyasi, akaja moja kwa moja kulala kwenye kivuli cha gari letu. Chini ya dirisha langu kabisa! Nilihesabu makovu matatu puani mwake. Nzi wakimtua sikioni, sikio linatikisika, macho hayafunguki. Anahema haraka haraka, tumbo linapanda na kushuka, na sisi ndani hata wa kukohoa hakuna.

Dereva wetu alitueleza kwamba wale wanaoitwa wanyama watano wakubwa, yaani simba, tembo, nyati, faru na chui, walipewa sifa hiyo na wawindaji wa zamani, kwa sababu ndio waliokuwa wa hatari zaidi kuwafuata kwa miguu. Ndiyo maana kiboko na ukubwa wake wote hamo. Chui hatukumwona.

Faru alikuwa mbali, peke yake. Mwanzoni nilidhani ni nyati aliyeachwa na wenzake. Dereva akazima gari, akanipa darubini. Akainua kichwa, na pembe mbili zikasimama dhidi ya nyasi. Tope lilikuwa limemkaukia ubavuni likipasuka kama ukuta wa udongo. Masikio yake kila moja linageuka kivyake, moja mbele, moja nyuma. Mgongoni ametuliwa na ndege wawili, wale askari wa kifaru. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo alikuwa akitutafuta kwa pua, anazungusha kichwa kuufuata upepo. Mnyama wa kama tani nzima, anatuogopa sisi!

Na ana haki. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 100 humo kreta. Ujangili ukawafyeka, miaka ya 1990 wakabaki kumi na kidogo, kisa kipusa, yaani pembe ya faru, ambacho ni kitu kile kile kilichotengeneza kucha zetu. Walionusurika wakalindwa kwa bunduki, ndipo wakaanza kuongezeka. Yule faru Fausta tuliyemsikia kwenye taarifa ya habari, aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, alikuwa wa humu humu. Fikiria aliyoyapita yule bibi.

Mweka hazina wetu, mama wa miaka sitini na kitu, alishika darubini muda mrefu kuliko wote. Alipoishusha akasema tu, "Kumbe wapo." Kisha faru akageuka, akatoka kwa mbio fupi fupi, nyepesi kwa mwili ule, mpaka nyasi zikamficha.

Tunavunja tena kikoba Juni ijayo. Kiti cha dirishani nimeshakusemea, usinijibu habari ya nauli, tutajua. Njoo na sweta nzito na soksi, kanga peke yake huko juu haitoshi. Ukishapanda basi nitumie ujumbe, nitakungoja stendi.

Msalimie sana mama, na Salma umbusu.

Shoga yako,
Mama Rehema