Belti ya Konveya Ikivuta Upande: Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Sensa

Wateja wengi hutupigia simu wakitaka sensa, yaani kifaa cha kutambua belti ikihama. Belti ya konveya, mkanda unaozunguka ukibeba mzigo, inavuta upande, imeshaanza kula fremu, na meneja ameambiwa sensa ndiyo dawa. Sensa tunauza na kufunga, kwa hiyo hatuna sababu ya kuzisema vibaya. Lakini sensa hukuambia belti imehama; kwa nini imehama, haisemi. Kwenye konveya iliyo wazi, jibu hilo utalipata kwa macho kabla hujatoa shilingi.

Dalili zenyewe si ngumu. Ngano au klinka (mawe ya kusagia saruji) imemwagika upande mmoja tu. Chuma cha fremu kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na chini yake pana unga mweusi wa mpira. Ukiona kingo za belti zimeanza kutoa nyuzi, ujue jambo hili ni la siku nyingi.

Sasa simama pembeni, mbali na mashine, uiache izunguke. Kama belti yote inahama mahali pale pale, tatizo ni rola au fremu ya hapo, au ya hatua chache kabla ya hapo: rola imekwama, imepinda au haikufungwa mraba, yaani pembe tisini na belti. Belti huelekea upande wa rola inaougusa kwanza. Kama ni kipande kile kile cha belti kinachohama popote kinapopita, rola ziache. Angalia kiungo, pale ncha mbili za belti zilipounganishwa, huenda kilikatwa bila kupimwa mraba. Na kama inakwenda sawa ikiwa tupu kisha inavuta ikipakiwa, nenda kwenye shuti, mdomo unaomwaga mzigo juu ya belti: mzigo unaangukia pembeni. Fundi akikimbilia kukaza boliti za puli ya nyuma (ngoma ya mwisho ambayo belti huizunguka) hapo, belti itanyooka ikiwa na mzigo, halafu ikiwa tupu itavuta upande wa pili. Kazi ya namna hiyo tumeifumua mara nyingi.

Hapa pwani chumvi nayo ina yake. Rola za konveya za nje, Shimanzi na Changamwe huku Mombasa, beringi zake hushika kutu upesi. Mbolea ndiyo sumbufu kuliko zote: hunyonya unyevu wa hewani, na wakati wa masika huganda kwenye rola na puli. Ikijijenga upande mmoja, upande huo wa puli unakuwa mnene na belti inaufuata. Kikwangua kizima huondoa sehemu kubwa ya balaa hili, na bei yake haifiki popote karibu na ya belti mpya. (Kusi nayo, ikivuma kwa nguvu, husukuma belti ndefu isiyo na mzigo. Hiyo hutibiwa kwa mabati ya kukinga upepo tu.)

Eleveta ya ndoo, inayopandisha nafaka juu kwa ndoo zilizofungwa kwenye belti, ni habari nyingine kabisa. Belti imo ndani ya boksi la chuma, haionekani, na humo mmejaa vumbi. Ndoo zikisugua ukuta, au belti ikiteleza kwenye puli ya juu, joto hupanda. Na vumbi la nafaka lililoelea ndani ya boksi lililofungwa hulipuka. Desemba 1977 ghala la nafaka la Westwego, Louisiana, nchini Marekani, lililipuka na watu 36 wakafa. Siku chache baadaye likalipuka jingine huko Galveston, Texas. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1987 ikataka eleveta kubwa za nafaka ziwe na kifaa cha kutoa tahadhari belti ikihama, au njia ya kuinyoosha wakati wote, na kingine cha kuzima mashine kabla mwendo wa belti haujapungua kwa zaidi ya asilimia 20.

Kwa eleveta, basi, hatubishani na mteja: funga sensa. Kwa kawaida huwa nne, mbili juu na mbili chini, moja kila upande. Zipo zinazopima joto la bloku ya brasi inayosuguliwa na belti. Zipo zinazosoma ndoo za chuma, au boliti zake kama ndoo ni za plastiki, bila kugusa kitu. Sisi hupendelea hizi za pili, maana za brasi husubiri msuguano uanze. Sensa ya mwendo ikae kwenye shafti ya puli ya chini, si kwenye mota; mota huendelea kuzunguka vizuri tu huku belti imesimama. Na kila kifaa kiwe kile kilichoidhinishwa kwa sehemu zenye vumbi la kulipuka.

Kitu kimoja hatukipendi kukikuta: swichi ya pembeni, ile inayoguswa na belti ikihama, iliyofungwa waya isifanye kazi ili kiwanda kisisimame. Swichi nyingi za konveya zina hatua mbili, kwanza kengele, kisha kuzima. Supavaiza akichoshwa na kengele, waya unaingia. Tukikuta hivyo, tunaanza na kilichokuwa kinaigusa swichi, ndipo tunairudisha kazini.

Mkituita, msiizime konveya kabla hatujafika. Tunataka kuiona ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Kama kuna meli ya ngano inayopakuliwa siku hiyo, tuambieni mapema tupange saa. Na awepo mtu wenu wa umeme mwenye ruhusa ya kukata umeme na kufunga swichi kuu kwa kufuli, kwani boliti hatuigusi belti ikizunguka.