Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Maandalizi ya Safari ya Mafia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru sana, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kwetu Mbagala.

Jambo tunaloleta mbele yako ni moja: safari ya wanafunzi 40 kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, likizo ya Juni. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya bahari nchini, na ina kilomita za mraba 822 za matumbawe, mikoko, nyasi bahari na vijiji vya wavuvi. Wengi huidhani ni ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Iko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na barua ya shule ielekezwe huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari nyingi za Mafia huharibikia kwenye kalenda. Kila mtu anataka aone papa potwe, yule papa mkubwa mpole, na vitoto vya kasa kwa mara moja. Haiwezekani. Papa potwe hukusanyika mbele ya Kilindoni, mji wa bandari wa Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakifuata uduvi na dagaa. Kasa wa kisiwa jirani cha Juani huanguliwa kwa wingi Juni hadi Septemba. Kwa mwanafunzi, basi, likizo ya Desemba ni ya papa potwe na Juni ni ya kasa. Sisi tumechagua kasa, kwa sababu hata asiyejua kuogelea atawaona.

Njia ni basi la Mbagala Rangi Tatu, Barabara ya Kilwa, kukunja Bungu hadi Nyamisati, kisha chombo hadi Kilindoni, na kilomita kama 15 za gari hadi Utende lilipo geti la hifadhi. Juni upepo wa kusi unavuma. Mwenye kuchafukwa na tumbo ale kidogo mapema, ameze dawa nusu saa kabla ya kupanda, akae chini katikati ya chombo, si mbele omoni.

Kutoka Utende mashua inavuka ghuba ya Chole. Kisiwani Chole kuna popo wakubwa walao matunda, wananing'inia mitini mchana kutwa. Wanastahili saa moja. Lakini Juani haina subira. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Msafara ukifika maji yamekupwa, mashua inakwama mbali na watoto wanatembea kwenye tope na miamba. Kwa hiyo jedwali la maji lisomwe kabla ya kupanga saa ya chakula, na kila mtoto avae yeboyebo zenye mkanda nyuma. Pwani ya kasa iko upande wa bahari kuu. Mnakata kisiwa kwa miguu.

Kiota kina mayai kama 100, na hukaa siku 50 hadi 60. Walinzi wa viota huandika tarehe ya kutaga, ndiyo maana siku ya kuangua hukisiwa vizuri. Dalili ya mwisho ni mchanga kubonyea katikati kama kisahani. Kisha kinatokea kichwa, mkono mmoja, halafu mchanga wote unachemka kwa vitoto vyeusi vya sentimita 5.

Hapo ndipo watu hukosea. Wanasimama kati ya kiota na maji. Kumbe kitoto kinafuata mwanga wa upeo wa bahari, na kivuli cha watu kinakipoteza. Wanawasha tochi au taa ya simu, kinageuka kuifuata. Wanakanyagakanyaga njia; wayo wa mtu mzima ni shimo kwake, na kaa anamngoja humo. Wengine, kwa huruma, hukibeba hadi majini. Kiacheni kitambae chenyewe. Kazi yetu ni kusimama nyuma ya kiota na kusawazisha mchanga kwa mikono kabla hawajatoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Kwanza, jaketi okozi 40 za saizi ya watoto. Za watu wazima hazifai: mtoto akiingia majini jaketi linapanda hadi masikioni naye anateleza chini. Pili, nauli ya mazoezi ya siku moja katika kisiwa cha Mbudya, ambacho nacho ni eneo tengefu, ili watoto wajifunze kupanda na kushuka mashua wakiwa karibu na nyumbani. Tatu, barua yako ya kutuunga mkono kwa uongozi wa hifadhi, ili walinzi wa viota watupangie tarehe, kwa kuwa kiota hakingoji ratiba ya shule.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana, Mgeni Rasmi.