Kwa Mwanaidi, kuhusu bega na mipira inayotoka nje

Upanga, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Hapa sote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Video yako ya tenisi nimeitazama. Unasema tangu uhamie Nairobi bega linauma, mipira inapita mstari wa nyuma, na kocha anakuhimiza ukazane kupiga kwa nguvu zaidi. Hapo simuungi mkono.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira kama ya kwetu pwani, na hata ukiuzungusha hauvutiki chini upesi. Pigo lililotua ndani huku, huko linatoka. Hata hivyo usiilaumu Nairobi. Angella Okutoyi amekulia hewa hiyohiyo na mwaka 2022 alitwaa Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili. Wengine hukaza nyuzi za raketi kidogo ili mpira usiruke mno, lakini wewe subiri kwanza, maana nyuzi zilizokazwa sana huumiza mkono.

Kinachoniudhi ni kuchelewa kwako. Mpira ukishavuka wavu ndipo unakumbuka kurudisha raketi, mkono unabaki kufanya kazi ya mwili mzima. Lazima bega lilie! Geuza mabega mara tu mwenzako anapopiga, mkono wa kushoto ukiwa bado umeshika shingo ya raketi. Halafu acha miguu ianze: sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, nyonga izunguke, kifua kifuate, mkono uje mwisho kabisa kama ncha ya mjeledi. Raketi ishike kwa ulaini. Ukiikaba, kiwiko kinakakamaa na kasi yote inapotea. Mpira ukutane nao mbele ya mwili, usiungoje ufike ubavuni.

Kabla ya kupiga, shusha kichwa cha raketi chini ya mpira, kisha kipandishe juu kikiupangusa mpira. Ndivyo Nadal alivyopitisha mipira juu kabisa ya wavu pale Roland Garros, mashindano ya Ufaransa, na bado ikaanguka ndani. Mataji 14 si mchezo. Ila ule mtindo wake wa kumalizia raketi juu ya kichwa mwachie mwenyewe.

Bekihendi yako, yaani pigo la upande wa kushoto, sina neno nayo, mkono wa kushoto usukume zaidi, basi.

Na kwa nini kila mpira unaupiga moja kwa moja pembezoni mwa mstari? Piga mshazari. Uwanja una mita 23.77, lakini kona hadi kona unapata zaidi ya 25, tena katikati wavu una sentimita 91 tu, nguzoni 107.

Bega lipumzishe, na likizidi kuuma muone daktari kabla ya kocha. Ukirudi uwanjani nitumie video nyingine, simu iwekwe ubavuni mwako nione miguu. Mama anakusalimu, anauliza ile kahawa ya Nyeri uliyomuahidi iko wapi.

Wako,
Zuhura